Mama wa Viungo

Kilichomtia Apolonia wasiwasi mwanzoni hakikuwa mwanamke. Kilikuwa karafuu.

Mumewe Polikarpo alirudi Jumatano jioni, akatundika shati msumarini, akajishusha kitini, na chumba kizima kikanukia kama uani kwenye harusi ya Waunguja. Nyumba yenyewe ilikuwa inakula ugali wa njano tangu masika. Mchele walikuwa wanausikia redioni. Sasa karafuu imetoka wapi?

"Umepita wapi?" Apolonia akauliza, bila kuacha kupepeta.

"Kazini."

"Kazini siku hizi mnapika pilau?"

"Mke wangu, nimechoka."

"Mwenye kupika ndiye anayechoka. Mlaji hachoki."

Baadaye Polikarpo aliinuka kwenda kuoga, na kuinuka kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake, kama kufungua mkutano wa Chama: kwanza mkono pajani, kisha pumzi ndefu, kisha mguu wa kulia, halafu wa kushoto ukaja nyuma kwa kusitasita kama mdaiwa aliyeitwa na mwenye duka. Apolonia alimtazama kwa pembe ya jicho. Mwanamume anayeinuka hivyo kwenye kiti cha nyumbani kwake, alijisemea, ni mwanamume ambaye kiti chake hasa kiko kwingine.

Alikosea. Lakini alikosea kwa akili, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote.

*

Ukweli ulikuwa gotini.

Polikarpo aliwahi kuwa winga wa timu ya kiwanda, na watu wa Temeke waliokuwapo siku ile hawajaacha kucheka mpaka leo. Hakuumia akifunga. Aliumia akishangilia. Aliruka juu kama amerushwa, akatua kwenye shimo walilochimba wenyewe kwa ajili ya kusimikia bendera ya kona. Alifunga goli, akafungua goti. Timu ikashinda, yeye akabebwa, na baada ya bandeji na miezi ya kuchechemea akatangaza kwamba amepona. Goti halikuwa na habari hiyo.

Kazi yake ilikuwa ghalani, kupakia marobota. Robota hubebwa na watu wawili, na mwenzake Kornelio, kijana wa kwao huko Masasi, alijua kuchukua upande mzito bila kuonekana. Polikarpo naye alikuwa na ujanja wake: ndiye aliyeanzisha nyimbo za kubebea. Mtu anayeimba kwa sauti kubwa hatazamwi miguu.

Lakini msimamizi wa ghala, Ndugu Didas, alikuwa mtu wa kutazama. Mtu mnene, mkimya, kutwa kasimama mlangoni na mikono nyuma, hakai hata wenzake wakikaa. Alikuwa ameshasema mbele ya wote: "Asiyeweza kubeba aseme mapema, kiwanda si hospitali." Na mwaka ule kusema mapema kulikuwa na malipo yake. Malori yalikuwa yanapita mitaani kukusanya wasio na kazi na kuwarudisha vijijini wakalime. Kinyozi wa pale kona alichukuliwa huku mteja wake kanyolewa upande mmoja. Mteja alikimbia hivyo hivyo na hajarudi kudai upande wa pili. Kwa Polikarpo, goti lilikuwa kazi, kazi ilikuwa kitambulisho, kitambulisho kilikuwa chumba, na chumba ndicho kilichowaweka watoto wake wawili shuleni pale mtaani. Ukivuta uzi mmoja, nguo yote inafumuka.

Ndipo Kornelio alipompeleka hospitalini kwa siri. Mlangoni paliandikwa maneno marefu kuhusu mazoezi ya viungo, na ndani alikuwamo mama mmoja mrefu wa Bukoba, asiyecheka, aliyelishika goti la Polikarpo kama mtu anayechagua embe sokoni. Kornelio hakuweza kulikumbuka jina lake wala cheo chake. Akamwita Mama wa Viungo.

"Goti ni bawaba," yule mama alisema. "Ukiliacha linashika kutu. Ukilipigapiga linang'oka. Wewe ulilala sana, halafu ukabeba sana. Sasa utalifungua na kulifunga pole pole, kila siku. Tembea alfajiri kwenye tambarare. Shona mfuko mdogo, tia mchanga, funga kwenye kifundo cha mguu, kaa kitini, nyanyua mguu mpaka unyooke. Likivimba, pumzika. Usichuchumae, usiruke, na usipige magoti."

"Hata kanisani?"

"Mungu anaona mpaka mifupa. Kaa."

Karafuu zilikuwa nyongeza ya Kornelio, zimechemshwa kwenye mafuta ya nazi. Mama wa Viungo aliponusa alisema, "Paka ukipenda. Kinachotibu ni kunyanyua."

Na Polikarpo hakumwambia mkewe. Si kwamba hakumpenda. Ila nyumba ile ya kupanga ilikuwa na vyumba vinavyotazamana ukumbini, na dari lilikuwa la pamoja. Neno ukilisema chumbani kwako, linakwenda kulala cha jirani.

*

Jirani mwenyewe alikuwa Mwajabu, mkaanga vitumbua, mtu wa Kilwa, mwenye moyo mwema na sikio jema zaidi.

Jumatano iliyofuata Kornelio alipita uani akitafuta sepetu.

"Shemeji, hodi. Poli hajarudi bado?"

"Hajarudi. Si mko wote kazini?"

"Aa, leo Jumatano," Kornelio akasema, akili yake ikiwa kwenye sepetu. "Leo ni siku yake ya Mama wa Viungo."

Kitumbua kiliungua. Mwajabu alikuwa amekisahau.

"Mama wa nani?" Apolonia akauliza polepole.

Kornelio akatazama angani, akatazama kuku, akatazama lango. "Nimesema mama? Nimesema... ngoja, shemeji, nimeacha baiskeli nje."

Hakuwa na baiskeli. Aliondoka mbio, na sepetu hakuichukua.

Mwajabu akaepua kikaango. "Shoga, mie simo."

"Sema."

"Mie simo, lakini wauza viungo wa sokoni nawajua. Wajane wa Kiunguja, hina mpaka kwenye kisigino. Mwanamume akiingia pale kununua iliki, hatoki na iliki tu."

"Kwangu haijaingia hata iliki moja."

"Ndiyo nikakwambia. Pilau linaliwa huko huko."

Tangu siku hiyo Apolonia hakulala mke, alilala askari. Alimwona mumewe akitoka alfajiri. Akamfuata mpaka kona, akamwona anauzunguka uwanja wa shule peke yake, mikono ikipunga, kama mtu anayesubiri ishara kutoka dirisha fulani. Jumapili kanisani aliona jambo alilolipuuza majuma yote: watu wote wakipiga magoti, Polikarpo hukaa. Hukaa wima, macho chini, kapauka. Apolonia alimaliza misa nzima bila kusikia neno. Mwenye dhambi ya kawaida hupiga magoti, aliwaza. Anayekaa ni yule ambaye yake haisemeki.

Kisha, akifagia uvunguni, ufagio uligonga kitu kizito. Alikivuta. Mfuko mdogo wa mchanga, umeshonwa ovyo kwa mkono wa kiume, una kamba mbili za kufungia. Na kitambaa kilikuwa kipande cha kanga yake mwenyewe, ile aliyoitafuta mpaka akagombana na watoto.

Alimwita Mwajabu bila sauti, kwa kidole. Mwajabu aliingia, akaona, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Usiushike tena, mwenzangu! Mchanga huo ni wa wapi?"

"Mchanga ni mchanga."

"Mchanga wa nyayo zako huo! Umechotwa ulipokanyaga, ukafungwa kwenye nguo yako, ukawekwa chini ya kitanda chako. Hapo wewe ni wa kukaliwa juu. Huyo Mama wa Viungo si muuza viungo tu, ana kwake anakochanganyia."

Apolonia alikuwa mtoto wa misheni, hakuamini mambo hayo. Kwa hiyo aliutoa mfuko nje kwa koleo la jikoni, ili asiuguse.

*

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Mzee Mfaume, fundi cherehani mstaafu, aliyependa kesi kuliko futari. Jumamosi baada ya alasiri barazani kwake palijaa. Watu waliacha bao, wakaacha nguo kwenye beseni. Na katika wale walioleta kiti chao, kwa kuwa naye alikuwa mkazi wa nyumba kumi zilezile na mjumbe wa kamati, alikuwamo Ndugu Didas. Kiti alileta, akasimama nyuma yake, kakishika mgongo.

Polikarpo alimwona, akajitia kumsalimu balozi kwanza.

"Shikamoo, Mzee Mfaume."

"Marahaba, Ndugu Polikarpo. Kaa... au simama, mshtakiwa husimama. Mkeo analalamika mambo matatu. Karafuu. Kuzurura alfajiri, na unajua serikali inavyosema kuhusu uzururaji. Na hiki hapa." Akaunyooshea fimbo ule mfuko wa mchanga, uliokuwa umewekwa chini katikati ya watu, na watu wakauachia nafasi kubwa kama kwamba utauma. "Unakikana?"

"Sikikani."

"Ni uchawi?"

"Si uchawi, mzee."

"Sasa ni nini?"

Polikarpo alifungua mdomo. Jibu lilikuwa fupi, lilikuwa pale ulimini. Akamtazama Didas. Didas alikuwa ameinama mbele, kimya, anasubiri jibu kuliko mtu yeyote pale barazani.

"Ni... ni mchanga tu."

Watu wakacheka. Mtu wa nyuma akasema, "Anajenga kidogo kidogo!"

"Na Mama wa Viungo ni nani?" Mzee Mfaume akaendelea. "Kuna mtu huyo, hakuna?"

"Yupo."

"Unakwenda kwake?"

"Nakwenda."

"Kila Jumatano?"

"Ndiyo."

"Anakufanyia nini?"

Mbali kidogo mtoto alikuwa anapiga debe, akanyamazishwa kwa kofi. Polikarpo aliwaza lori, akawaza watoto juu ya lori na madaftari yao. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kuanzishia nyimbo, ili asikike mpaka nyuma:

"Ni hawara yangu, mzee. Nimekosa."

Baraza lilivuma. Wanaume wawili watatu walimtazama kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa. Mwajabu alipiga yowe la msiba, kisha akajikumbuka. Wiki nzima Apolonia alikuwa amelitafuta neno hilo kwa tochi, na sasa lilipoletwa mbele yake mchana kweupe, aliliona limemzidi ukubwa.

Mzee Mfaume aliridhika. Kesi ya kukiri haichoshi. "Basi. Umekiri kiungwana. Utamnunulia mkeo doti ya kanga, nzuri, si ile inayochuja rangi—"

"Sitaki kanga," Apolonia akasema.

"Mwanangu, ndiyo desturi."

"Kanga zangu anazikatia mifuko. Nataka apige magoti. Kanisani ananikatalia mbele ya Mungu, basi apige hapa, mbele yenu. Aniombe radhi."

"Loo!" wanaume wakaguna. "Mwanamume ampigie mkewe magoti?"

"Jembe la mwanamke hilo," mwingine akasema. "Poli, umepatikana!"

Mzee Mfaume alijikuna ndevu. Kwa miaka yote ya ubalozi hakuwahi kutoa hukumu ya namna hiyo, na ilimvutia. "Piga, Ndugu Polikarpo. Yaishe."

Polikarpo alisimama mbele ya mkewe. Mkono pajani. Pumzi ndefu. Mguu wa kulia ukatangulia.

Apolonia alikuwa anatazama kwa hasira, na kwa sababu ya hasira aliona vizuri. Alikuwa ameliona tendo lile kila jioni, akiinuka kitini. Sasa aliliona likirudi kinyumenyume. Mguu wa kushoto ulikunjika kidogo, ukagoma. Akausukuma. Goti likalia, sauti kavu kama ya kijiti cha ufagio kikivunjika. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Na macho yake hayakuwa kwa mkewe. Mwanamume anayemwogopa mkewe humtazama mkewe. Huyu alimtazama Didas. Apolonia akayafuata macho yale, akamkuta msimamizi anatazama mguu.

Viungo.

Wiki nzima neno lile lilikuwa limekaa kichwani mwake limejitia iliki na mdalasini, na hina kisiginoni. Sasa lilivua yote, likabaki mifupa mitupu. Kamba mbili za mfuko: si za kutundikia, za kufungia. Mguuni. Uwanja wa shule: tambarare. Karafuu: ya kuchua. Ndiyo maana kanisani anakaa.

Goti lilikuwa limebakiza shibiri kufika chini, na mdomo wa Polikarpo ulikuwa umeanza kufunguka kwa yowe.

"Inuka!" Apolonia akapiga kelele, mpaka Mzee Mfaume akaangusha fimbo. "Inuka hapo! Unanipigia mimi magoti uliyompigia huyo Mama wako wa Viungo? Sitaki makombo!" Akamkamata ukosi kwa mikono miwili, akamvuta juu kwa nguvu zote za mtoto wa mkulima, na watu wakashangilia wakidhani anampiga. Akamkokota kamwegemeza begani, akimwita mzinzi, mshenzi, baradhuli, hatua kwa hatua mpaka barabarani. Mfuko wa mchanga aliuokota njiani kwa mkono mtupu, akaupachika kwapani.

"Hiki nakwenda kukichoma!" akawaambia watu.

Mchanga hauungui, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulifikiria hilo.

*

Chumbani alifunga mlango, akatia redio sauti ya juu, kisha akasema kwa kunong'ona:

"Goti?"

"Goti."

"Lile la kona?"

"Lile lile."

Akalisogelea, akapandisha suruali. Lilikuwa limevimba kama mkate wa kumimina. Akachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akalizungushia.

"Ukakubali kuitwa mzinzi."

"Mzinzi hapandishwi lori."

"Na mimi?" Apolonia akasema. "Mimi umenipandisha wapi? Kesho nikienda bombani nachota maji na nini usoni?"

Polikarpo hakuwa na wimbo wa hapo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia Mwajabu."

Apolonia alitaka kubisha. Badala yake alichukua sindano, akaketi, akaanza kuushona upya ule mfuko, maana mshono wa mumewe ulikuwa unavuja mchanga. Alishona muda mrefu. Halafu, bila kuinua kichwa:

"Huyo mama. Ana umri gani?"

"Apolonia!"

"Nimeuliza tu."

*

Wiki ile Apolonia alilipa. Bombani walimpisha foleni kama mfiwa. Mwajabu alimletea vitumbua vya bure, vimefunikwa kwa sahani, na ushauri juu yake. Akavila vitumbua vya huruma na kusema asante, kwa kuwa mwanamke aliyesalitiwa akikataa huruma watu huanza kuuliza maswali. Mara mbili ukweli ulimfika ulimini. Mara mbili aliutafunia kitumbua. Alfajiri Polikarpo aliuzunguka uwanja, na jioni, redio ikiimba, alinyanyua mguu na mfuko wake mpya huku mkewe akisimama mlangoni kama mlinzi wa benki.

Jumapili, jua likianza kulegea, hodi ilibishwa. Alikuwa Ndugu Didas.

Apolonia alipiga teke mfuko ukaingia uvunguni. Polikarpo alikunjua mguu, akaukunja, asijue upi ndio mguu wa mtu mzima.

"Karibu, Ndugu Didas. Karibu kiti."

Didas alitazama kiti muda kidogo, ndipo akakaa. Akatazama dari. Akasifu picha ya ukutani, ambayo ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita. Akauliza hali ya watoto, akajibiwa, akauliza tena.

"Nimekuja kwa jambo la ghalani," hatimaye akasema. "Si la ghalani hasa. Ile... ile karafuu. Unachanganya na mafuta ya nazi au ya taa?"

Redio ilikuwa inatoa taarifa ya mavuno.

"Mie natia mafuta ya taa," Didas akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Inaniunguza ngozi tu. Nikauliza, huyo... huyo ndugu yetu wa Jumatano, labda yeye..."

Polikarpo akamtazama mkewe. Mtego? Apolonia naye alikuwa anapima hilo hilo. Mtu aliyesema kiwanda si hospitali hawezi kuja na mafuta ya taa hivi hivi. Na sikio la Mwajabu huenda liko ukutani sasa hivi, limekwishawekewa mto.

"Ndugu Didas," Apolonia akasema, "hebu simama kidogo."

"Nisimame?"

"Kiti hicho kina msumari. Simama nikuwekee mto."

Didas akasimama. Mkono pajani kwanza. Kisha pumzi ndefu. Kisha mguu mmoja, na mwingine ukaja nyuma kwa kusitasita, kama mdaiwa.

Apolonia alimtazama mpaka alipomaliza kuinuka. Alihitaji kuona yote.

"Jumatano," akasema. "Hospitali, mlango wa mwisho. Lakini mtaani wakikuuliza unakwenda wapi, usiseme unaumwa, sisi kwetu hakuna mgonjwa."

"Nisemeje sasa?"

"Sema una hawara," Apolonia akasema, akimwekea mto kitini. "Mkeo nitazungumza naye mimi."